Mwenye Upinde na Mgeni Wake

Ziko kazi ambazo mtu aweza kujifunza kwa kusoma kitabu, na ziko nyingine ambazo kitabu huishia mlangoni tu. Uundaji wa upinde ni mojawapo ya hizo za pili. Kitabu kitakuambia kwamba mti wa upinde uwe mnene katikati, kisha upunguzwe kidogo kidogo kuelekea ncha zote mbili. Lakini ni mkono wa fundi ndio ujuao mahali panapotaka kisu kipite tena, na mahali ambapo kisu kikigusa mara moja zaidi kazi ya siku kumi itavunjika vipande viwili. Ujuzi wa namna hiyo hukaa katika vidole vya mtu, na mtu akifa, huzikwa pamoja naye.

Nimeletewa barua na kijana mmoja wa upande wa Kitui, ambaye hakupenda jina lake lipigwe chapa. Anasema kuwa katika kijiji cha jirani yupo mzee ajuaye kuunda pinde na mishale kwa namna ya zamani, naye amemwendea mara tatu ili amfundishe. Mara ya kwanza mzee alimwuliza yeye ni mwana wa nani. Mara ya pili alimwambia kwamba kazi ile ni ya nyumba yake na haitoki nje. Mara ya tatu akamwuliza, kwa kuwa Serikali imekataza uwindaji, upinde ni wa nini tena? Wana wa mzee huyo wako mijini, wala hapana hata mmoja aliyejifunza. Basi kijana anauliza kama mzee ana haki kumnyima.

Sitajibu kwa haraka, kwa sababu maswali ya mzee ni mazito kuliko yanavyoonekana. Kwanza nitaeleza habari ya mtu mmoja wa nchi ya mbali, ambaye alikuwa na sababu nyingi za kunyima kuliko mzee wa Kitui, naye hakunyima.

Tarehe 29 Agosti 1911, karibu na machinjio ya mji wa Oroville katika jimbo la California, Marekani, alionekana mtu aliyekonda sana kwa njaa. Hakujua neno hata moja la Kiingereza, wala hapana mtu mjini aliyejua lugha yake. Alikuwa wa kabila la Wayahi, wenyeji wa asili wa vilima vile, ambao walowezi waliwaua karibu wote katika miaka ya 1860 na baadaye. Wachache waliobaki walijificha korongoni kwa miaka yapata arobaini, mpaka akabaki yeye peke yake. Mkuu wa polisi wa pale hakujua amfanyeje, akamweka katika jela, si kwa kuwa alikuwa na kosa bali kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kumweka.

Mwalimu mmoja wa chuo kikuu, jina lake T. T. Waterman, akaja na orodha ya maneno ya makabila ya jirani. Alisoma neno baada ya neno, na mfungwa akanyamaza tu. Hata alipofika kwenye neno siwini, maana yake mti wa msonobari, huku akigonga ubao wa kitanda kwa kidole, uso wa yule mtu ulibadilika. Tangu hapo walianza kusikilizana. Jina lake hakulitaja kamwe, kwa kuwa desturi ya watu wake ilikataza. Basi wakamwita Ishi, ambalo katika lugha yake maana yake ni mtu.

Ishi alipelekwa San Francisco, akapewa makao katika jumba la makumbusho la chuo kikuu. Hospitali ya chuo ilikuwa jirani, na humo alifanya kazi daktari mpasuaji aitwaye Saxton Pope. Huyu daktari alikuja kumtibu, akabaki kuwa mwanafunzi. Nataka msomaji afikiri vizuri juu ya jambo hilo. Mwenye shahada alikaa chini mbele ya mtu asiyejua kusoma, akamwuliza afanye nini na kipande cha mti. Na aliyeulizwa alikuwa mtu ambaye jamaa zake wote waliangamizwa na watu wa rangi ya yule mwulizaji.

Alimfundisha. Alimwonyesha jinsi ya kuchagua mti wa jamii ya mtarakwa wetu, huu tufanyao nguzo za ua, na kuuacha ukauke polepole. Alimwonyesha jinsi ya kubandika kano za mnyama mgongoni mwa upinde kwa gundi iliyopikwa kwa ngozi ya samaki, ili upinde usivunjike uvutwapo. Alimwonyesha jinsi ya kuchonga vigumba vya mishale kwa lile jiwe jeusi liangazalo kama chupa, ambalo kwetu laonekana kwa wingi karibu na Naivasha, na ambalo watu wa kale wa nchi hii nao walilitumia kwa kazi hiyo hiyo. Jiwe hilo halipigwi kwa nyundo. Hubanwa ukingoni kwa ncha ya pembe ya paa, na kila mbano huondoa kibanzi chembamba. Na mshale wenyewe, kwa lugha ya Ishi, uliitwa sawa. Sijui msomaji mwingine ataonaje, lakini mimi nilipenda neno hilo mara nilipolisoma.

Zaidi ya ufundi wa mikono alimfundisha adabu ya uwindaji. Kabla ya kwenda kuwinda Ishi alioga, asile samaki wala asivute tumbako, ili mnyama asinuse harufu yake. Alijua kumwita sungura kwa kubusu vidole vyake kwa sauti kama ya sungura aliyekamatwa. Upinde wake haukuwa na nguvu nyingi, yapata ratili arobaini na kitu tu, na katika kulenga shabaha ya mbali wengi wangemshinda. Siri yake ilikuwa kwamba hakupiga mshale mpaka amemkaribia mnyama kabisa. Mwezi wa Mei 1914 alikubali kuwarudisha rafiki zake katika makorongo ya Deer Creek, mahali alipokuwa amejificha, na Daktari Pope akamchukua mwanawe mdogo pamoja naye. Mtoto huyo naye alifundishwa kama mkubwa.

Ishi alikufa kwa kifua kikuu mwezi wa Machi 1916. Daktari Pope alitoa kitabu juu ya uwindaji wa upinde mwaka 1923, na mwaka 1925 yeye na rafiki yake Arthur Young walisafiri mpaka Tanganyika kuwinda simba kwa mishale. Mwaka uliofuata Pope akafa. Lakini kitabu kilikuwa kimekwisha kutawanyika. Vijana walikisoma, wakaunda pinde zao nyuma ya nyumba, wakatafutana, wakaanzisha vyama. Jimbo la Wisconsin liliweka msimu wa kuwinda paa kwa upinde mwaka 1934, na majimbo mengine yakafuata. Mwaka 1961 wapenda upinde wa huko walianzisha chama kikubwa, wakakiita kwa majina ya Pope na Young. Leo watu wawindao kwa upinde katika Marekani ni wengi mno, na wengi wao, wakifuata nyuma hatua kwa hatua mwalimu wa mwalimu wao, watafika kwenye mlango wa jumba lile la makumbusho. Mtu mmoja asiye na mke wala mtoto wala kabila amepata wajukuu wa ufundi wasiohesabika.

Lakini habari hii ina upande mwingine, nami sitaficha, maana ndio upande unaomhusu mzee wa Kitui. Ishi alipokufa, mwili wake ulipasuliwa ingawa desturi ya watu wake ilikataza, na ingawa mmoja wa maprofesa waliomtunza alikuwa ameandika barua ya kupinga; barua ilichelewa kufika. Ubongo wake ulitolewa, ukapelekwa Washington mwaka 1917 kuwekwa akiba pamoja na vitu vingine vya uchunguzi. Haukurudishwa kwa makabila ya jamaa zake mpaka mwaka 2000. Tena chama kilichoanzishwa mwaka 1961 kina majina ya wanafunzi. Jina la mwalimu halimo.

Kwa hiyo mzee aulizapo, "Wewe ni mwana wa nani?" haulizi kwa chuki. Anataka kujua ni nani atakayeheshimu kitu hiki baada ya kukipokea. Mtoto wa nyumbani hawezi kukimbia na ujuzi na kumsahau aliyempa, mgeni aweza. Hofu hiyo ina msingi. Nasi vijana tuliosoma tumeizidisha, kwa kuwa mara nyingi twaenda kwa wazee tukiwa na daftari na haraka, tukiisha kupata tulichokitaka hatuonekani tena, hata mzee akiwa mgonjwa.

Hata hivyo sikubaliani naye kwamba kazi haitoki nje ya nyumba. Nyumba yake haina mtu wa kuipokea. Basi kusema haitoki ni kusema ife. Tena wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Na katika kazi za mikono methali hii ni kweli kabisa, maana mwanafunzi mgeni huuliza maswali ambayo mtoto wa nyumbani haulizi, na fundi akilazimika kujibu hugundua sababu za mambo aliyokuwa akiyafanya kwa mazoea tu. Sisi tufanyao kazi ya ukarani twamjua sana yule karani mkongwe ambaye hamwonyeshi mwenzake faili ziko wapi, akidhani kwamba kwa njia hiyo hataweza kuondolewa kazini. Siku akiugua afisi yote husimama, na akirudi hakuna amshukuruye.

Na wale wajuao wasifikiri kwamba kunyima ndiyo njia moja tu ya kumfukuza mgeni. Iko nyingine, nayo ni dhihaka. Huko huko Marekani, mtu mmoja wa jimbo la Missouri, Holless Wilbur Allen, alibuni upinde wenye magurudumu madogo kwenye ncha zake, akapata hati ya serikali ya kulinda ubuni wake mwaka 1969. Magurudumu hayo humpunguzia mvutaji uzito pindi ugwe ufikapo mwisho, hata aweza kutulia na kulenga vizuri. Wenye pinde za zamani walicheka sana. Wakasema huo si upinde, ni mashine, na anayeutumia si mwindaji. Miaka ikapita, wenye magurudumu wakawa ndio wengi. Je, wao walijifunza? Wengi wao hivi leo huwacheka wale watumiao upinde uliofungwa juu ya kitako kama bunduki, na kusema maneno yale yale waliyoambiwa baba zao! Mimi sina upande katika ugomvi huo, lakini nasema kwamba mtu afikaye kwa mara ya kwanza, akiwa na chombo asichojua kwamba kina maadui, akipokewa kwa kicheko hatarudi mara ya pili.

Jambo jingine lifanyalo wageni wakate tamaa ni kupewa upinde mzito. Mwenye nguvu hujivunia upinde wake, akampa mgeni avute mbele ya watu. Mgeni hutetemeka, mshale huenda kando, watu hucheka. Mwalimu mwema huanza na upinde mwepesi ambao hata mtoto aweza kuuvuta, na shabaha ya karibu, hatua kumi tu. Wahadza wanaokaa karibu na Ziwa Eyasi katika Tanzania huwapa watoto wao wa kiume pinde ndogo wangali wadogo sana, nao hushinda wakichezea na kulenga ndege na panya pamoja na wenzao. Hapana somo wala kengele, na hata hivyo hutoka wapiga upinde hodari.

Sasa nije kwetu. Katika nchi ya nyuma ya Malindi, mpaka upande wa Tsavo, wako Waata, ambao wengine huwaita Waliangulu. Hao walikuwa wawindaji wa tembo kwa upinde, na pinde zao zilikuwa na nguvu za kutisha, ratili mia na zaidi, hata Wazungu waliozipima walizilinganisha na pinde kubwa za vita za Waingereza wa kale. Kuvuta upinde kama huo si jambo la mwaka mmoja; mifupa na misuli hukua pamoja nao. Hifadhi ya Tsavo ilipofunguliwa mwaka 1948, mahali pao pa kuwinda pakawa mahali palipokatazwa. Katika miaka ya 1956 na 1957 kulifanywa msako mkubwa juu yao na wawindaji wengine, na hodari wao wengi wakafungwa. Mwaka 1960 Serikali ya wakati huo ilijaribu mpango wa Galana, ili Waata wawinde kwa kibali na kwa hesabu, lakini mpango huo haukudumu.

Mimi ni mmoja wa wale wanaosema kwamba ilikuwa lazima tembo walindwe. Pembe zilikuwa zikinunuliwa na wafanya biashara ambao hawakuwahi kuvuta upinde, na faida kubwa ilikuwa yao, na kifungo kilikuwa cha Mwaata. Lakini sheria ilikataza kuua, haikukataza kujua. Ilipokuwa wazee wako gerezani, vijana wao walipitisha miaka ile ambayo mwili hujifunza upinde mkubwa bila mtu wa kuwafundisha. Hasara ya namna hiyo hairekebishwi na kibali chochote.

Hapo ndipo lilipo swali la tatu la mzee wa Kitui, nalo lataka jibu la wazi. Uwindaji umekatazwa katika Kenya tangu mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 ina adhabu kali. Msomaji yeyote asifikiri kwamba upinde, kwa kuwa hauna mlio, ni njia ya kuikwepa. Hauikwepi. Atakayekamatwa na nyama ya swara atajibu mbele ya hakimu kama aliyetumia bunduki.

Tena iko habari ya sumu. Wakamba, Wagiriama na Waata wote waliitumia sumu ya mti wa msunguti, ambayo hupikwa kwa muda mrefu mpaka ikawa nyeusi na nzito kama lami, ikapakwa chini ya kigumba na kufungwa kwa ngozi nyembamba isikauke. Ikiingia katika damu husimamisha moyo. Ilikuwa elimu kubwa, wala sitaki isahauliwe na wataalamu wa miti na dawa. Lakini hiyo si ya kumpa kijana ajifunzaye kulenga. Katika nyumba yenye watoto, mshale wenye sumu darini ni mauti yanayongoja. Mzee akifundisha upinde na kuiacha sumu, hatakuwa amepunguza ufundi wake hata kidogo.

Upinde ni wa nini, basi? Ni wa kulenga shabaha, jambo ambalo ni mchezo wa heshima ulimwenguni. Ulirudishwa katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1972. Mwaka 2016 Michezo hiyo ilipofanywa Rio de Janeiro, aliyetangulia na bendera ya Kenya siku ya ufunguzi alikuwa mwanamke mpiga upinde, Shehzana Anwar. Nimeona watu wengi wakishangaa wakiambiwa hayo, kana kwamba upinde si kitu chetu! Katika wilaya ambazo babu zetu walisifiwa kwa mishale, ni shule chache mno zenye hata shabaha moja ya majani makavu kando ya kiwanja cha mpira.

Namshauri kijana arudi mara ya nne, lakini aende kwa namna nyingine. Asiende na daftari. Aende na mwenzake mmoja, ili mzee asione kwamba anamfundisha mtu mmoja atakayekwenda zake. Ajitaje kwanza yeye ni mwana wa nani, kabla hajaulizwa, na amtaje mkubwa wa kwao awezaye kumdhamini. Asiombe upinde, aulize habari za mti, ni mti gani na hukatwa majira gani, kisha ajitolee kwenda kuukata na kuuleta. Mzee mwenye mti mzuri mlangoni pake ataona taabu kuuacha ukae bure. Akikubali, kijana na akae katika kazi ngumu isiyo na sifa, ya kusuka ugwe na kunyosha nyuti za mishale juu ya moto, mpaka aambiwe mwenyewe kwamba imetosha. Na siku atakapouonyesha upinde wake kwa watu, ataje jina la mzee kabla ya lake.

Kwa mzee sina la kuongeza ila ombi kwamba asomewe gazeti hili, sehemu ya Ishi hasa, na asomewe yote, pamoja na mabaya yaliyompata. Kisha aamue.

Zimefika pia barua tatu juu ya mizinga ya nyuki, na moja ina swali zuri sana juu ya siafu. Hizo nitazijibu juma lijalo.